Ncha ya Kidole

Usiku mmoja wa mwaka 1972, ndani ya msitu wa Peru, watu wapatao 45 walikuwa wamejazana katika kibanda kimoja, wanacheza karata, wanakunywa, wanapiga soga. Wengi walikuwa waigizaji wa ziada, wale ambao kazi yao ni kutembea nyuma ya nyota na kufa kabla filamu haijakwisha. Nyota mwenyewe alikuwa jirani, na kelele zao zilimkera. Hakutuma mtu akawaombe wapunguze sauti. Alichukua bunduki yake aina ya Winchester, akakimiminia kile kibanda risasi 3. Zikapenya ukuta. Watu 45 ndani ya chumba kimoja, na hakufa hata mmoja. Mmoja wao alikatika ncha ya kidole.

Nyota huyo alikuwa Klaus Kinski. Filamu ni Aguirre, der Zorn Gottes, yaani Aguirre, Ghadhabu ya Mungu, na mwongozaji wake ni Werner Herzog, Mjerumani ambaye wakati huo alikuwa na miaka 29. Herzog alimnyang'anya Kinski bunduki, kazi ikaendelea. Kwa zaidi ya miaka 50 wapenda filamu wamekuwa wakisimulia kisa hiki huku wanacheka, kana kwamba ni ushahidi kuwa sanaa kubwa haizaliwi ila na wazimu. Mimi nimekisikia mara nyingi, na kila mara nilichokingoja ni jina la yule mwenye kidole. Kisa husimuliwa, watu hucheka, mazungumzo huhamia kwingine, na jina lake halitajwi.

Kuna jambo moja ambalo lazima lisemwe mapema. Herzog hakumwajiri mtu asiyemjua. Katika miaka ya 1950, mjini Munich, mama yake aliishi na wanawe katika chumba kimoja cha nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba alikuwa na huruma kwa wasanii waliokwama, akamkaribisha kijana mmoja mwigizaji ambaye hakuwa na pa kulala. Kijana huyo ndiye Kinski. Herzog alikuwa na miaka 13. Ameeleza mwenyewe jinsi mpangaji yule alivyojifungia bafuni siku mbili, usiku na mchana, akavunja kila kilichokuwamo, mpaka vipande vikawa vidogo vya kuweza kupita kwenye nyuzi za raketi ya tenisi. Hata tukipunguza chumvi ya msimulizi, picha inabaki ile ile: mtoto amesimama ukumbini, anasikiliza nyumba inavunjwa. Miaka 16 baadaye mtoto huyo, sasa mwongozaji, aliandika hadithi ya mtu katili asiyezuilika na kumtumia Kinski muswada. Mwenye macho haambiwi tazama.

Hadithi yenyewe ina mzizi katika historia. Lope de Aguirre alikuwa askari wa Kihispania aliyetoka Peru mwaka 1560 katika msafara wa Pedro de Ursúa, kwenda kuitafuta nchi ya dhahabu ambayo haikuwapo. Huko kwenye mto Amazon Aguirre na wenzake waliasi, wakamuua Ursúa. Baadaye Aguirre akatangaza kuvunja utii kwa mfalme Philip II, na akaendelea kuua hata walio wake mpaka yeye naye alipouawa Barquisimeto, katika Venezuela ya leo, Oktoba 1561. Kabla ya kufa alimuua binti yake, Elvira, ili asiangukie mikononi mwa maadui. Herzog hakujifunga na kumbukumbu hizo. Msafara wake unaongozwa na Gonzalo Pizarro, ambaye kwa kweli alikatwa kichwa kwa amri ya serikali miaka 12 kabla, mwaka 1548. Akamwingiza pia mtawa Gaspar de Carvajal, aliyesafiri mto huo na watu wengine, miaka ya 1541 na 1542. Kwa hilo simlaumu. Alitaka homa ya dhahabu na mtu aliyelewa madaraka, na vyote viwili amevionyesha kwa namna ambayo hakuna kitabu cha darasani kimewahi kunionyesha.

Fedha zilikuwa haba. Filamu nzima iligharimu dola 370,000 hivi, na theluthi moja ya hizo ilikwenda kwa Kinski. Kamera moja tu, ambayo Herzog amekiri kwamba aliichukua bila ruhusa katika shule ya filamu ya Munich. Wiki kama 5 za kupiga picha. Vyelezo vya magogo viliteremshwa kwenye mito yenye maporomoko, watu wakiwa juu yake na mavazi yao ya vita, na mto ulipofurika ukabeba vyelezo, Herzog aliingiza mafuriko hayo ndani ya hadithi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, walisema wahenga, na hapa maneno yao yanakaa sawasawa na kitu chenyewe.

Tazama ule mwanzo wake. Mlima mrefu karibu na Machu Picchu, ukungu, na mstari mwembamba wa watu unateremka kama siafu: askari, watumwa wa Kiindio (wenyeji wa Amerika) waliofungwa minyororo, lama, nguruwe, mzinga, mabibi ndani ya machela. Hujui nani ni nani. Hapo ndipo ugomvi wa kwanza mkubwa ulipotokea, maana Kinski alitaka kamera imfuate yeye, sura yake ijae na mandhari maarufu iwe nyuma yake. Herzog alitaka mlima na umati. Mwongozaji alishinda, na ndiyo maana picha ile haijachakaa. Ninalitaja hili kwa makusudi: Herzog alikuwa na uwezo wa kumwambia Kinski hapana. Penye jambo la kamera, alisema hapana na ikawa hapana.

Penye jambo la watu, alikuwa mtu mwingine. Walitofautiana pia kuhusu namna ya kumcheza Aguirre. Kinski alitaka kufoka na kurukaruka. Herzog alitaka mtu wa sauti ya chini, ambaye utulivu wake ndio unaotisha. Njia aliyoitumia ameieleza hadharani zaidi ya mara moja: alimwacha Kinski apandwe na jazba, afoke saa nzima au zaidi, awatukane wapishi na mafundi na waigizaji, mpaka pumzi imwishie. Hapo, akiwa amechoka, macho yamemwiva, Herzog anaagiza kamera iwashwe. Na ni kweli, ukiitazama filamu unauona uchovu ule, ule mwendo wa upande upande kama wa kaa, yale macho. Vinatisha.

Lakini jiulize matusi yale ya saa nzima yalimwangukia nani. Mtu mmoja alipigwa upanga kichwani na Kinski katika tukio ambalo lilikuwa la kuigiza tu, akanusurika kwa kuwa alivaa kofia ya chuma. Miaka mingi baadaye alionyesha kovu lake mbele ya kamera ya Herzog, na kovu lilikuwa bado linaonekana. Hasira ilikuwa mtaji wa filamu, na waliotoa mtaji huo hawakuulizwa kama wanataka kuchangia. Ndugu zetu Waindio wa milimani waliokuja kufanya kazi ile walikuwa wamekubali kuteremka mlima wakiwa na minyororo ya kuigiza. Mengine hawakuyakubali.

Karibu na mwisho wa kazi, Kinski alifungasha mizigo apande mashua aondoke. Sababu ilikuwa ndogo. Alitaka fundi mmoja afukuzwe, Herzog akakataa. Hapo Herzog alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ana bunduki, na kwamba kabla hajaufikia mpindo wa mto atakuwa na risasi 8 kichwani, na ya 9 itakuwa ya Herzog mwenyewe. Kinski akapiga mayowe ya kuita polisi. Kituo cha polisi kilikuwa mbali mno. Siku 10 zilizobaki akawa mtulivu. Magazeti yakatia chumvi yakasema filamu iliongozwa kwa mtutu wa bunduki. Herzog anasema hakuwa ameishika mkononi. Kinski akaandika kwamba mwenye bunduki pale alikuwa yeye peke yake. Kila mmoja ana toleo lake, na kila mmoja katika toleo lake ni shujaa.

Ningeweza kukiacha kisa hapo kama wengi wafanyavyo. Ila mwaka 1981 walikuwa tena Peru, wakitengeneza Fitzcarraldo, filamu ya mtu aliyetaka kujenga jumba la opera msituni na kwa ajili hiyo anaivusha meli juu ya kilima. Herzog alikataa kutumia meli ya bandia. Akaivuta meli ya kweli, ya tani zaidi ya 300, kwa nguvu za watu, kapi na tingatinga. Kabla ya hapo wenyeji Waaguaruna walikuwa wameikataa kambi yake ya kwanza katika ardhi yao, na mwisho wa 1979 kambi hiyo ikachomwa moto. Mwigizaji mkuu wa kwanza, Jason Robards, aliugua akarudi Marekani huku kazi imekwisha kuanza. Akaitwa Kinski.

Huko ndiko lilikotokea tukio ambalo, kwangu mimi, ndilo ufunguo wa habari hii yote. Kinski alikuwa anamfokea msimamizi wa uzalishaji, Walter Saxer. Kamera moja ilikuwa inazunguka, kwa hiyo tunaweza kuliona: mishipa ya shingo imemtoka, mate yanaruka. Wenyeji walioajiriwa wamekaa pembeni kimya. Katika jamii zao mtu mzima hapayuki namna ile. Baadaye wazee wao walimwendea Herzog, wakamwambia kwamba akitaka, watamuua mtu yule kwa niaba yake. Hawakuwa wanatania. Herzog akawashukuru, akasema hapana, bado anamhitaji kwa ajili ya filamu.

Na wakamwambia jambo la pili, ambalo Herzog mwenyewe alikuja kulisema kwenye filamu yake ya kumbukumbu: kwamba hawakuwa wakimwogopa yule mpiga kelele. Waliyemwogopa ni yeye, Herzog, aliyekuwa kimya.

Watu wale walikuwa wameona sawasawa. Sisi wa huku pwani na bara tungesema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na tungekuwa tumesema kitu kile kile. Kinski alikuwa moto. Moto unauona, unaukimbia, unaumwagia maji. Mwenye kuuchochea na kukaa pembeni akipima muda wa kuwasha kamera ndiye aliyekuwa na madaraka. Yeye ndiye aliyejua bafu la Munich, risasi 3, upanga kichwani. Mara 5 aliujua moto huo na mara 5 akauita: Aguirre, Nosferatu na Woyzeck za 1979, Fitzcarraldo ya 1982 na Cobra Verde ya 1987. Jibu lake kwa wale wazee halikuwa kwamba kuua ni haramu. Lilikuwa kwamba bado ana picha za kumalizia. Nalirudia neno hilo mara kwa mara kichwani mwangu, kwa sababu limo ndani ya kila kiongozi anayemvumilia jeuri mwenye kipaji: bado namhitaji.

Halafu ugomvi wenyewe ukawa bidhaa. Kinski aliandika kitabu cha maisha yake akamtukana Herzog kurasa kwa kurasa. Herzog amesema kwamba alikaa naye wakitafuta pamoja, kwa msaada wa kamusi, matusi makali zaidi ya kuweka humo, kwa kuwa Kinski aliamini kitabu kisicho na ubaya hakiuzi. Mwaka 1999, miaka 8 baada ya Kinski kufariki huko California, Herzog alitoa filamu ya kumbukumbu iitwayo Mein liebster Feind, adui yangu mpendwa. Ni filamu nzuri, na ndani yake kuna mapenzi ya kweli. Inafunga kwa kumwonyesha Kinski akicheza na kipepeo ambaye hataki kumwacha. Anamtua usoni, anamtua mkononi, na uso ule uliotisha dunia umelainika kama wa mtoto. Siku ya kwanza nilipoiona, machozi yalinilenga. Ndivyo hadithi za namna hii zinavyofanya kazi. Kipepeo anakuja mwisho, na mtazamaji anatoka akimkumbuka kipepeo.

Mwaka 2013 binti mkubwa wa Kinski, Pola, ambaye naye ni mwigizaji, alitoa kitabu kiitwacho Kindermund. Alieleza humo kwamba baba yake alimdhalilisha kingono tangu utotoni, kwa miaka mingi. Ndugu yake Nastassja alimuunga mkono hadharani. Pola alieleza pia sababu ya kusema: alichoka kuona watu wakimtukuza baba yake, na tangu kifo chake wakizidi kumtukuza. Watu walizoea kusema kwamba Kinski ni kichaa, fundi, msanii, ndivyo alivyo. Kila kicheko kilichofuata kisa cha risasi 3 kilimfunga mdomo binti yule kidogo zaidi.

Tangu nilipojua habari hizo siwezi tena kuitazama sehemu ya mwisho ya Aguirre kama zamani. Chelezo kinazunguka katikati ya mto. Wote wamekufa. Tumbili wadogo mamia wamekivamia, wanakimbia juu ya maiti. Aguirre amebaki peke yake amesimama, anazungumza, na katika ndoto zake anasema atamwoa binti yake mwenyewe waanzishe ukoo safi kuliko wote duniani. Wahakiki wamelisifu tukio hilo miaka yote. Roger Ebert wa Marekani aliihesabu filamu hii miongoni mwa zilizo bora kupita zote. Nami sisemi ni filamu mbaya. Ni filamu kubwa. Mto, ukungu, muziki wa kundi la Popol Vuh unaopaa kama kwaya isiyokuwa ya binadamu, vyote hivyo ni vya kweli na havitafutika. Nasema tu kwamba hakuna hata kimoja kati yake kilichotokana na ncha ya kidole cha mtu.

Wanaotetea ukatili huu husema usingewezekana uzuri ule bila mateso yale. Herzog mwenyewe anatoa ushahidi wa kuwapinga. Mwaka 1974 alitengeneza filamu ya Kaspar Hauser, kijana aliyekutwa uwanjani Nuremberg mwaka 1828 hajui kusema wala kutembea vizuri. Aliyemchagua kuigiza ni Bruno S., mtu asiye mwigizaji wa kazi, aliyekulia katika taasisi za kufungia watu baada ya utoto wa mapigo. Bruno alipopandwa na uchungu, Herzog alisimamisha kazi akamsikiliza, akamsubiri mpaka atulie. Filamu ile ilipata tuzo kuu ya majaji huko Cannes mwaka 1975. Kwa hiyo subira alikuwa nayo. Aliijua njia nyingine, aliipita, na ikamfikisha.

Ninaandika haya kwa ajili ya vijana wetu wanaoshika kamera Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Goma. Nimekaa lokesheni, nimeona dada anayepaka vipodozi akirushiwa kikombe cha chai na mtu ambaye jina lake ndilo linalouza filamu, na nimeona mwongozaji akigeuza shingo kana kwamba anakagua taa. Jioni yake tuliambiana kwamba jamaa ana kipaji, tumvumilie. Nami niliyasema maneno hayo. Dada yule hakurudi kesho yake, na hakuna aliyekwenda kumuuliza. Ukiwa mwongozaji, utafikiwa na siku kama hiyo, na siku hiyo jua litakuwa linazama, fedha ya mtayarishaji itakuwa inakwisha, na picha moja tu itakuwa imebaki. Simamisha kamera. Nenda kwa aliyerushiwa kikombe kwanza, umwite kwa jina lake.

Aliyesema imetosha kwa upande wa Herzog na Kinski hakuwa mwongozaji. Alikuwa mpigapicha, Thomas Mauch, aliyeibeba ile kamera moja kwenye vyelezo vya Aguirre na kurudi tena Peru kwa ajili ya Fitzcarraldo. Mwaka 1987 walikuwa wanatengeneza Cobra Verde, hadithi ya mfanyabiashara wa watumwa, na sehemu ya kazi ilifanyika Ghana, katika ngome ya Elmina ambamo Waafrika walifungwa kabla ya kupakiwa melini. Humo humo Kinski akaendelea na mambo yake. Mauch alivumilia kiasi, kisha akaiacha kazi, akaondoka. Akaletwa mpigapicha mwingine, filamu ikamalizika. Baada ya hiyo, Herzog na Kinski hawakufanya kazi pamoja tena.